Rangi ya Risasi na Maana ya Neno "Hatari"

Muhula uliopita, katika mkutano wa chama chetu, nilisema nitaandika juu ya rangi ya risasi. Kundi la nyuma likaangua kicheko. Mmoja akauliza, "Ya kupaka bunduki?" Nikajua basi kwamba makala yangu lazima yaanze na neno lenyewe, kabla hayajafika kwenye sheria.

Neno risasi tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko lilikuwa kwanza jina la madini: yale mazito, laini, ya kijivu, yanayoyeyuka upesi motoni. Kwa kuwa madini hayo ndiyo yaliyomiminwa kuwa vitu vya kupigia bunduki, jina likahamia huko, na leo ukilitamka njiani watu wanainama. Katika makala haya risasi ni madini. Ndiyo yaleyale yaliyomo ndani ya betri ya gari. Sisi wa Mombasa tunayajua kwa sababu ya Owino Uhuru, mtaa ambao wakazi wake walipata sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kesi yao ilifika mahakamani, wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, uamuzi ukatenguliwa katika rufani, na Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Kwa hiyo wengi wetu tunadhani risasi ni mambo ya viwandani tu. Mimi nami nilidhani hivyo.

Likizo ya Desemba nilimsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi wa rangi. Tulipewa kazi katika nyumba moja ya zamani, kuta za mawe, madirisha na milango ya mbao. Mjomba akapaka kuta, mimi nikapewa madirisha: kwangua, piga msasa, futa, ili rangi mpya ishike. Zile mbao zilikuwa na tabaka juu ya tabaka. Juu kijani, chini yake krimu, chini kabisa nyeupe moja nzito iliyokataa kutoka. Nikapiga msasa siku mbili, mkavu, mpaka sakafu ikawa kama pamemwagika unga wa muhogo. Mtoto wa nyumba ile, wa miaka miwili hivi, akaketi chini ya dirisha langu. Akawa anachora mistari kwenye ule unga kwa kidole, kisha anakitia kidole kinywani. Nilicheka. Nikamwambia mamake, "Huyu atakuwa fundi, mama." Mamake naye akacheka.

Shule zilipofunguliwa mwalimu wetu wa Kemia alikuwa anafundisha kabonati. Akaandika ubaoni kabonati ya risasi, akasema, "Hii ndiyo iliyokuwa rangi nyeupe ya mababu zenu. Ilishika vizuri, ilifunika vizuri, na iliua polepole." Darasa likaendelea na kabonati ya shaba. Mimi sikuendelea. Baada ya kipindi nilimfuata nikamweleza habari ya madirisha. Hakunigombeza. Alinipa rundo la karatasi, kanuni za serikali ya Marekani kuhusu rangi ya risasi katika nyumba zinazosaidiwa na serikali, akasema nikazisome, kisha niwafundishe wenzangu. Nimezisoma kamusi mkononi. Lugha ya wanasheria, ndugu zangu, ni ngumu kuliko tenzi za kale, lakini ukivumilia utaona kisa ndani yake, na kisa chenyewe kinahusu neno moja tu. Nitalifikia.

Kwanza sumu yenyewe. Rangi za mafuta za zamani zilitiwa risasi kwa sababu iliyoeleweka: zilifunika ubao kwa mikono michache, zikastahimili mvua na jua. Ubaya wake ulijulikana mapema kuliko nilivyofikiri. Mwaka 1904 daktari mmoja wa Brisbane, Australia, J. Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto wa Queensland walikuwa wakipata sumu ya risasi kutokana na rangi ya kuta na ya vyuma na mbao za roshani za nyumba zao. Rangi iligeuka unga juani, ikashika mikononi mwa watoto, mikono ikaingia vinywani. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi katika kazi nyingi za ndani ya majengo. Marekani haikuuridhia. Ikaendelea kupaka.

Mwilini risasi hujifanya kalisi. Mwili wa mtoto unaojenga mifupa unatafuta kalisi, risasi inapita mlango uleule, inajificha mifupani kwa miaka, na njiani inavuruga ubongo unaokua. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma huifyonza zaidi, maana yake mtoto asiyekula vizuri ndiye anayeumia zaidi. Watu wengi hudhani ni lazima mtoto abandue gamba la rangi alitafune. Hapana. Njia kubwa ni vumbi, na kiwanda kikubwa cha vumbi ndani ya nyumba ni dirisha. Kila linapofunguliwa na kufungwa, mbao zinasuguana, rangi inasagika, unga unatua kwenye kizingiti, pale pale mtoto anaposhika akitaka kuchungulia nje.

Utafiti ulionigusa zaidi ni ule wa daktari Herbert Needleman na wenzake, uliochapishwa mwaka 1979. Waliwaomba watoto wa madarasa ya kwanza katika miji miwili jirani na Boston, Chelsea na Somerville, wawape meno yao ya utoto yanapong'oka. Sisi meno hayo tuliyatupa juu ya paa. Wao waliyapima risasi. Kisha wakawalinganisha watoto 58 waliokuwa na risasi nyingi menoni na 100 waliokuwa na kidogo. Hakuna kati yao aliyekuwa amelazwa hospitalini kwa sumu ya risasi. Kwa macho walikuwa wazima. Waliokuwa na nyingi walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili. Walimu nao walikuwa wamejaza fomu kuhusu wanafunzi wao bila kujua jino la nani lina nini: huyu hatulii, huyu hafuati maagizo, huyu anaota ndoto darasani. Risasi ilivyozidi menoni, ndivyo mwalimu alivyomtia mtoto alama mbaya zaidi. Niliposoma hapo niliwakumbuka wale tuliosoma nao shule ya msingi, waliochapwa kila siku kwa kutotulia. Sisemi ilikuwa risasi. Nasema tu niliwakumbuka.

Sasa sheria. Januari 1971 Rais Nixon alitia sahihi sheria ya kwanza ya taifa lake juu ya sumu ya rangi ya risasi. Serikali ilianza na nyumba zake yenyewe: ilikataza rangi hiyo katika nyumba za kuishi zinazojengwa au kukarabatiwa na serikali kuu au kwa msaada wake. Hapo nieleze kidogo. Kule mpangaji maskini husaidiwa kwa namna mbili kubwa. Namna moja ni nyumba za umma zinazomilikiwa na mamlaka ya mji au wilaya na kugharamiwa na serikali kuu. Nyingine ni vocha: mpangaji anatafuta nyumba ya mtu binafsi, analipa yeye kiasi cha asilimia 30 ya kipato chake, na serikali inamlipa mwenye nyumba kiasi kilichobaki. Kwa watu wengine wote rangi ya risasi kwa matumizi ya majumbani ilipigwa marufuku baadaye, mwaka 1978. Ndiyo maana katika kanuni zote nitakazotaja mwaka 1978 ni mpaka. Nyumba iliyojengwa kabla yake inashukiwa, iliyojengwa baadaye inaachwa.

Lakini marufuku ya rangi mpya haiondoi rangi ya zamani ukutani. Hilo ndilo lililowasumbua wabunge wao, na mwaka 1973 waliiongeza sheria maneno haya, nayaeleza kwa Kiswahili changu: wizara inayohusika na nyumba iondoe, kadiri inavyowezekana, hatari ya papo hapo ya rangi ya risasi katika nyumba inazozisaidia.

Hatari ya papo hapo ni nini? Hapo ndipo penye kisa. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji iliandika kanuni zake na kusema kuwa hatari hiyo ni rangi iliyopasuka, iliyolegea au inayobanduka. Rangi iliyoshika vizuri, hata kama imejaa risasi na iko kwenye kizingiti ambacho mtoto anakitafuna akiota meno, haikuhesabiwa. Kuitafsiri hivyo kulikuwa nafuu kwa mfuko wa wizara, bila shaka. Wapangaji wa mji wa Washington wakaenda mahakamani. Mwaka 1982 mahakama ikawapa haki, na mwaka 1983 mahakama ya rufani ikakubali: rangi nzima iliyo mahali ambapo mtoto anaweza kuitafuna nayo ni hatari ya papo hapo, na wizara haina ruhusa ya kulipunguza neno la bunge. Mnaona wenyewe. Sisi hapa chamani tunabishana kama "hatari" ni nomino au kivumishi, tunaambiwa tunapoteza wakati. Kule watu walibishana juu ya neno hilohilo kwa miaka kumi, na kila mwaka uliopita watoto walikuwa wanatafuna vizingiti.

Hata hivyo kasoro kubwa ilibaki. Mara nyingi nyumba haikuchunguzwa mpaka mtoto aonekane na risasi kwenye damu. Yaani kipimo cha nyumba kilikuwa mtoto. Wachimba makaa wa zamani walishuka mgodini na ndege kizimbani, ndege akianguka wanajua hewa ni mbaya. Na ndege hawezi kufufuliwa: dawa zipo za kutoa risasi damuni, na kwa mtoto aliyezidiwa zinaokoa maisha, lakini uwezo wa akili uliokwisha kupotea hazirudishi.

Sheria ya Oktoba 1992, aliyoitia sahihi Rais Bush mkubwa, ndiyo iliyojaribu kugeuza mpango huo. Ililichukua neno letu na kulifafanua upya. Katika sheria hiyo rangi ya risasi ni kitu kimoja, na hatari ya rangi ya risasi ni kitu kingine. Rangi ya risasi ni ile yenye miligramu 1 ya risasi au zaidi kwa kila sentimita ya mraba, au nusu asilimia kwa uzito. Hatari ni hali yoyote inayomfikishia mtu risasi hiyo kiasi cha kumdhuru: vumbi, udongo wa uani, rangi iliyoharibika, rangi iliyo mahali panapofikika, panaposuguana au panapogongana, kama fremu ya dirisha na kizingiti cha mlango. Kwa maneno ya mjomba wangu, rangi ya zamani iliyolala salama chini ya rangi nyingine inaweza kuachwa ilale. Ile inayosagika ndiyo ya kushughulikiwa. Mwanzoni niliona kama wamelegeza sheria. Baadaye nikaona sivyo, maana sasa vumbi nalo limetajwa kwa jina, na vumbi halihitaji rangi ibanduke ndipo liwepo.

Sheria hiyohiyo ilimpa mpangaji na mnunuzi haki ya kuambiwa. Tangu mwaka 1996 mwenye nyumba ya kabla ya 1978, iwe ya msaada au si ya msaada, hana budi kusema anachokijua kuhusu rangi ya risasi ndani yake kabla mkataba haujatiwa sahihi, na kutoa kijitabu cha maelezo. Mnunuzi hupewa siku 10 za kuipima akitaka. Hamlazimishwi kupima, mwenye nyumba, ila ukijua hulazimika kusema. Kuna wanaosema kifungu hicho kinamtuza asiyetaka kujua, na mimi nakubaliana nao.

Kanuni kuu za nyumba za msaada zilitolewa Septemba 1999 na kuanza kufanya kazi Septemba 2000. Zimegawanywa kwa aina ya msaada. Penye pesa za ukarabati, wajibu unapanda na pesa: zisizozidi dola 5,000 kwa nyumba, tengeneza ulipogusa, zikipita hapo mpaka 25,000, chunguza hatari zote na uzidhibiti, zikizidi 25,000, ziondoe kwa njia itakayodumu walau miaka 20. Katika nyumba za umma ni lazima rangi ipimwe kwa vyombo, na hata baada ya hapo mtu apite kila mwaka kutazama kama kuna palipoharibika. Nyumba za wazee zimeachwa nje, isipokuwa akiishi humo mtoto wa chini ya miaka 6.

Na wa vocha? Huyu, ndugu msomaji, ndiye ninayemsikitikia. Kama ana mtoto wa chini ya miaka 6, mkaguzi anakuja na macho yake. Hana chombo, hapimi vumbi, anatazama tu kama rangi imebanduka. Ikiwa imebanduka, mwenye nyumba hana budi kuitengeneza kabla nyumba haijakubaliwa, na palipoharibika pakiwa pakubwa vumbi hupimwa mwishoni. Ikiwa haijabanduka, familia inahamia. Ile rangi nzima ya kwenye kizingiti, iliyopiganiwa mahakamani mwaka 1983, na lile vumbi lililotajwa kwa jina mwaka 1992, vyote macho hayavioni. Sababu inayotolewa ni kwamba mzigo ukiwa mzito mno wenye nyumba wataikataa vocha, na maskini atakosa hata hiyo nyumba ya kushukiwa. Si sababu ya kijinga. Lakini hebu fikiria mama anayechagua kati ya nyumba yenye rangi na barabara.

Sehemu niliyoisoma mara tatu ni ile ya kazi zilizokatazwa. Imekatazwa kuunguza rangi kwa moto. Imekatazwa kupiga msasa kwa mashine isiyo na chujio maalumu la kunasa vumbi, au kupuliza mchanga bila chujio hilo. Imekatazwa kutumia hewa ya moto inayozidi nyuzi 1,100 za Farenhaiti, maana risasi inageuka moshi. Na imekatazwa kukwangua au kupiga msasa pakavu, isipokuwa karibu na soketi za umeme, ambapo maji ni hatari nyingine, au palipo padogo sana: futi 2 za mraba kwa chumba, futi 20 za mraba kwa nje. Wakaaji wasiingie kazi ikiendelea, sakafu itandikwe, na mwishoni vumbi lipimwe kabla watu hawajarudi. Nilizihesabu mbao zangu za Desemba. Madirisha sita, pakavu, sakafu tupu, mtoto ndani. Kama kuna aliyeandika kanuni zile akinitazama mimi, hakukosea hata kifungu.

Mwenzangu mmoja alinishauri makala haya niyaite "Usipoziba ufa utajenga ukuta". Nikamshukuru, nikakataa. Kwa rangi ya risasi, ufa ulioachwa una nafuu kuliko ufa uliokwanguliwa na mtu asiyejua. Yule anayekuja na skrepa na nia njema anaweza kuijaza nyumba vumbi kuliko miaka kumi ya kufungua na kufunga dirisha. Ndiyo sababu tangu Aprili 2010 Wamarekani wamedai mafundi wanaolipwa kuvuruga rangi katika nyumba za kabla ya 1978 wawe na cheti cha kufanya hivyo kwa usalama.

Nimalizie habari ya damu. Risasi ya damuni hupimwa kwa mikrogramu kwa desilita. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Desilita ni kama vikombe viwili vya kahawa ya barazani. Miaka ya 1960 madaktari wa Marekani walishtuka mtoto alipofika 60. Mwaka 1971 wakashuka mpaka 40, 1975 mpaka 30, 1985 mpaka 25, 1991 mpaka 10, 2012 mpaka 5, 2021 mpaka 3.5. Si kwamba watoto walizidi kuwa dhaifu. Kila walipochunguza kwa makini zaidi, walikuta madhara chini ya pale walipodhani ni salama, na hakuna kiwango ambacho mpaka leo kimeonekana hakina dhara.

Kanuni za nyumba zilifuata kwa mwendo wa kobe. Zile za 1999 zilisema nyumba ya msaada ichunguzwe damu ya mtoto ikifika 20. Ziliandikwa wakati madaktari wako 10. Madaktari waliposhuka mpaka 5 mwaka 2012, kanuni zikabaki pale pale 20. Ni Januari 2017 ndipo wizara ilipobadilisha namba ikawa 5, na kuweka muda: siku 15 za kuchunguza nyumba baada ya taarifa, kisha siku 30 za kuzidhibiti hatari zilizopatikana. Januari 2025 ikatangaza kushuka mpaka 3.5. Kati ya 2012 na 2017 mtoto wa 12, anayeishi kwa vocha, daktari alimwona mgonjwa, na kanuni ya nyumba yake ikamwona mzima. Ilimsubiri aongeze.

Na palipo na kanuni pana karatasi. Mamlaka ya nyumba za umma ya jiji la New York ni kubwa kuliko zote nchini mwao. Mwaka 2018 ilikuwa na wapangaji wapatao 400,000. Jiji lenyewe lilikuwa limekataza rangi ya risasi majumbani tangu 1960, miaka 18 kabla ya taifa. Ungedhani huko ndiko salama. Juni 2018 waendesha mashtaka wa serikali kuu waliishtaki mamlaka hiyo, nayo ikakiri kwamba kwa miaka kadhaa haikufanya ule utazamaji wa kila mwaka, huku ikiithibitishia wizara kwa maandishi kuwa inafuata kanuni. Mashtaka yalieleza pia kwamba wakaguzi walipokaribia, wafanyakazi walifunga maji ya jengo ili uvujaji usionekane. Maji yanayovuja ukutani ndiyo yanayoifumua rangi, kwa hiyo wafungaji wa mabomba walijua wanaficha nini. Januari 2019 mamlaka ilikubali kuwekewa msimamizi wa kuiangalia.

Mwaka 2019 vilevile kiwango cha vumbi la risasi sakafuni kilichohesabiwa hatari kilishushwa kutoka mikrogramu 40 mpaka 10 kwa futi ya mraba. Hesabu ya wizara iliyofanywa mwaka huo na mmoja uliotangulia ilikadiria kuwa nyumba milioni 34 hivi nchini mwao bado zina rangi ya risasi mahali fulani. Kwetu Kenya kikomo cha rangi mpya ni sehemu 90 kwa milioni, sawa na chao. Hicho kinahusu kopo la dukani leo. Lile tabaka jeupe la chini kwenye dirisha nililolikwangua lilipakwa kabla mama yangu hajazaliwa.

Wikendi ya kutembelewa nilimweleza mjomba haya yote. Tuliketi chini ya mwembe wa karibu na bwalo, nikamsomea hata orodha ya kazi zilizokatazwa. Alisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Kwani yule mtoto ameumwa?"

Nikamwambia, "Mjomba, swali hilo ndilo waliloliuliza wao kwa miaka thelathini."

Akanyamaza. Kisha akaniuliza kama msasa wa maji unafaa, ule wa kupigia gari. Nikamwambia unafaa, na mbao zilowe kwanza, na chini pawe na karatasi ya nailoni ya kukunjwa na kutupwa. Akasema msasa huo ni ghali kidogo, lakini unadumu. Alipoinuka kwenda akasema ile nyumba hatuwezi kuiacha vile.

Likizo iliyofuata tulikwenda siku ya Jumamosi, bila malipo, na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na matambara tuliyoyatupa baadaye. Tulifuta vizingiti vyote sita, kisha sakafu, kisha vizingiti tena. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemweleza mama wa nyumba, kwa upole, na akamwambia kliniki akaulizie habari ya kupima damu ya mtoto. Mama hakukasirika. Alitaka kujua tu kama mkaa wa jikoni nao una risasi, nikamwambia tatizo lilikuwa ni ule unga wangu wa Desemba. Mtoto alikuwa ameketi mlangoni akitutazama. Amekua. Nilipopita na ndoo alinyoosha mkono kutaka tambara asaidie, nikamwambia, "La, bwana mdogo, leo kaa huko huko."